Viza ya masomo Ujerumani: mwongozo kamili kwa anayeombea Dar es Salaam

Mdogo wangu alituma euro 11,904 kamili. Zilipoingia upande wa pili zilikuwa 11,869. Euro 35 zilikatwa njiani na benki ya kati, moja ya zile ambazo fedha hupitia kabla ya kufika Ulaya, na sisi hata jina lake hatukulijua. Kwa upungufu huo mdogo, cheti cha kuthibitisha kwamba ana fedha za kujikimu hakikutolewa. Akatuma euro 100 nyingine, akalipia tena gharama za kutuma, tukakaa siku nne nzima tukifungua barua pepe kila baada ya saa moja. Cheti kilipoingia, miadi yake ubalozini ilikuwa imebakiza siku mbili.

Tangu hapo nimewasaidia ndugu na marafiki kadhaa kupita njia hiyo hiyo, na nimeona jambo moja likijirudia. Vijana wenye akili na alama nzuri wanaangushwa na karatasi zisizopatana: jina limeandikwa hivi huku na vile kule, fedha hazikutimia, barua inasema jambo moja na CV inasema lingine. Afisa wa viza hakufahamu wewe wala wazazi wako. Anazijua karatasi zako tu, na anazisoma kama anavyosoma mtu anayetafuta pale ambapo hadithi inapasuka. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhakikisha karatasi zote zinasimulia habari moja.

Nimemwandikia Mtanzania anayekwenda kusoma shahada chuo kikuu na ataomba viza kwenye ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam. Mkenya ataombea Nairobi, na mambo ya msingi ni yale yale, ila asome maelekezo ya ubalozi wake maana orodha za nyaraka hutofautiana kidogo.

Kwa nini Ujerumani, na gharama yake halisi

Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni. Unalipa mchango wa muhula tu, ambao mara nyingi ni euro mia na kitu hadi mia tatu na kitu. Yapo ya kutofautisha: vyuo vya jimbo la Baden-Württemberg (Heidelberg, Freiburg, Stuttgart, Karlsruhe na vingine) vinatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kutoza wageni wapya kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula kuanzia muhula wa baridi wa 2024/25. Vyuo binafsi vina bei zake, na nyingine ni kubwa sana. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna madalali wanaotangaza “masomo ya bure Ujerumani” kisha wanampeleka kijana kwenye chuo binafsi cha maelfu ya euro, nao wanapata kamisheni yao hapo.

Ada isikudanganye, lakini. Mlima wenyewe ni fedha za kujikimu, na tutaufikia.

Hesabu kalenda kwa kurudi nyuma

Muhula wa baridi unaanza rasmi tarehe 1 Oktoba, na muhula wa kiangazi tarehe 1 Aprili. Kwa programu nyingi mwisho wa kuomba nafasi ni 15 Julai kwa muhula wa baridi na 15 Januari kwa wa kiangazi, lakini programu zinazofundishwa kwa Kiingereza mara nyingi hufunga mapema zaidi ili wageni wapate muda wa viza. Mtu anayeomba chuo tarehe 14 Julai akitegemea kuwa darasani Oktoba anajitafutia presha. Barua itatoka Agosti, miadi ya ubalozi haitapatikana papo hapo, na maombi yenyewe yanaweza kuchukua miezi miwili hadi mitatu.

Ukitaka kuondoka Septemba, basi mwaka uliotangulia, kabla ya Desemba, uwe umeshachagua programu na umeshashughulikia pasipoti. Januari hadi Machi unaomba vyuo. Fedha zianze kukusanywa siku ile ile unapoamua kuomba, bila kusubiri barua ya udahili. Mtihani wa lugha, kama unahitajika, ufanywe kabla ya mwaka mpya kwa sababu ukishindwa unataka nafasi ya kurudia.

Udahili

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kila programu ina masharti yake. Programu zimeorodheshwa kwenye tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, na unaweza kuchuja kwa lugha, ada na ngazi. Vyuo vingi hupokea maombi ya wageni kupitia uni-assist, ambao huhakiki vyeti vyako kwa euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi la ziada katika muhula huo huo. Vingine vinapokea moja kwa moja. Soma kwa makini: wapo wanaotuma uni-assist wakati chuo hakitumii kabisa huduma hiyo, fedha inakwenda na muda unakwenda.

Anayekwenda kwa shahada ya uzamili akiwa na shahada ya kwanza ya chuo kinachotambuliwa ana njia nyepesi zaidi. Anayetoka kidato cha sita anaweza kuambiwa kwanza apite Studienkolleg, yaani mwaka wa maandalizi unaomalizika kwa mtihani, kabla ya kuanza shahada ya kwanza. Jina la chuo chako na cheti chako utayatafuta kwenye hifadhidata ya Anabin, ambayo ndiyo vyuo vya Ujerumani wanayoitazama.

Kama programu inafundishwa kwa Kijerumani, kwa kawaida utatakiwa kuwa na kiwango cha C1, yaani ngazi ya juu ya lugha, kwa mtihani kama TestDaF au DSH. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, ipo Dar es Salaam na Nairobi, na mitihani yao inatambulika. Hata kama programu ni ya Kiingereza, A1 au A2 ya Kijerumani, yaani ngazi za mwanzo, ni msaada mkubwa siku ya kutafuta chumba.

Majina yako: kazi ya kwanza kabisa

Hapa ndipo Watanzania tunapopata taabu ambayo Mjerumani haijui. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuwa na jina lako tu, na ya wazazi chini yake. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu. Cha kidato cha sita kina majina matatu lakini mwalimu aliyejaza fomu aliandika “Mohamedi” badala ya “Mohamed”, au “Zainabu” badala ya “Zainab”. Chuo kimeacha la katikati. Kitambulisho cha NIDA kimefuata cheti cha shule, na pasipoti imefuata NIDA.

Kwa Mjerumani, mtu ana jina lake na jina la ukoo, basi. Fomu itakuuliza la ukoo, na jibu sahihi ni lile lililo kwenye sehemu ya jina la ukoo katika pasipoti yako, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Ukishalichagua, litumie kila mahali: kwenye maombi ya chuo, uni-assist, akaunti ya fedha, bima, fomu ya viza. Nimeona barua ya udahili imetoka kwa jina la baba kama jina la ukoo huku pasipoti ikiwa na la babu. Kuirekebisha kulichukua wiki tatu, kwa sababu ofisi ya chuo ilikuwa likizo ya kiangazi.

Kwa hiyo fanya hivi leo, kabla hujafungua tovuti yoyote ya chuo. Toa vyeti vyako vyote, vitandaze mezani au mkekani, andika kwenye karatasi moja jinsi jina lilivyoandikwa katika kila kimoja, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Tofauti ikitokea, una njia mbili. Ikiwa ni kosa la cheti cha kuzaliwa, nenda RITA ukaombe marekebisho, au kwa Zanzibar, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Ikiwa ni tofauti ya herufi katika cheti cha shule, wakili atakuandalia hati ya kiapo inayosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja, ukaiambatanisha na vyeti. Kiapo kina uzito wake, ila ofisa akikuta viapo vitatu kwa mtu mmoja anaanza kujiuliza maswali. Pale unapoweza kurekebisha chanzo, rekebisha chanzo.

Kama huna pasipoti, ada ya pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Lipa hiyo na usimlipe mtu mwingine yeyote aliyesimama nje ya ofisi akikuahidi haraka.

Fedha: hapa kaa chini utulie

Ujerumani inataka uoneshe kwamba una fedha za kuishi mwaka mmoja. Njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, wenyewe wanaiita Sperrkonto. Unaweka fedha zote kwa mkupuo, nazo zinafungwa. Ukifika unaruhusiwa kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 934 kwa mwezi, na kabla yake 861. Kiwango kinafuata posho ya wanafunzi wa Kijerumani na hupanda, kwa hiyo tazama tovuti ya ubalozi wiki ile ile unayotuma. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni 30. Najua uzito wake. Najua familia zilizouza kiwanja kwa ajili hiyo, na ndiyo maana nataka usipoteze hata senti kwa uzembe.

Kampuni zinazotumiwa sana na wanafunzi kufungua akaunti hizi ni Expatrio, Fintiba na Coracle. Unajisajili mtandaoni, unapakia picha ya pasipoti, wanakupa namba ya akaunti na maelekezo ya kutuma. Linganisha gharama zao za kufungua na za kila mwezi, na soma watakukata kiasi gani wakikurudishia fedha ikiwa viza itakataliwa.

Sasa kutuma. Benki yako itauliza fedha zimetoka wapi na zinakwenda kufanya nini. Nenda na barua ya udahili, pasipoti na yale maelekezo ya akaunti yaliyochapwa. Kama fedha ni za mzazi au mjomba, ni vizuri zitoke kwenye akaunti yake moja kwa moja kukiwa na barua yake ya ufadhili, badala ya kumiminwa kwenye akaunti yako jana yake na kutoka leo. Halafu uliza maswali haya kwa sauti, na usiondoke dirishani bila majibu: euro moja mnaniuzia kwa shilingi ngapi leo? Gharama ya kutuma ni kiasi gani? Makato ya benki za kati analipa nani?

Swali hilo la tatu ndilo lililotugharimu siku nne. Fomu ya kutuma fedha nje ina sehemu ya kuchagua nani abebe gharama, imeandikwa OUR, SHA au BEN. OUR maana yake mtumaji analipa zote, SHA mnagawana, na BEN analipa mpokeaji. Ukiachiwa SHA, makato ya njiani yanaliwa kutoka kwenye fedha zako. Chagua OUR, na hata hivyo ongeza euro 50 au 100 juu ya kiasi kinachotakiwa. Ziada haipotei, inabaki yako humo humo. Na kwenye sehemu ya maelezo andika ile namba ya kumbukumbu kama ulivyopewa, maana fedha ikifika bila namba hiyo itazunguka kabla haijajulikana ni ya nani.

Weka wiki tatu kwa zoezi hili lote. Benki ikikosa euro siku hiyo, utasubiri.

Njia mbadala zipo. Ya kwanza ni udhamini wa masomo, kwa mfano wa DAAD. Barua ya udhamini inayotaja kiasi cha kila mwezi inasimama mahali pa akaunti iliyofungwa, na wanaofadhiliwa kwa fedha za umma za Ujerumani kwa kawaida hawatozwi ada ya viza. Ya pili ni kama una ndugu anayeishi na kufanya kazi Ujerumani: anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake na kusaini Verpflichtungserklärung, hati ya kuahidi kwamba atabeba gharama zako zote. Si barua ya kawaida ya kirafiki. Anafungwa kisheria, serikali inaweza kumdai, na kipato chake kitapimwa kwanza. Usimwombe dada au kaka yako jambo hili kwa simu ya dakika mbili. Mpe muda, mweleze yote.

Usipange kwamba utafanya kazi ndipo ujilipie. Mwanafunzi anaruhusiwa siku 140 nzima au 280 za nusu siku kwa mwaka, na kazi za mwanafunzi mgeni asiyejua Kijerumani si nyingi miezi ya mwanzo. Na 992 yenyewe si kubwa: bima ya afya ya mwanafunzi inachukua kama euro 140 hadi 150 kwa mwezi, ada ya utangazaji, yaani ya redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa kila makazi, kisha kodi ya chumba. Leipzig au Magdeburg utapumua. Munich hutapumua.

Bima

Unahitaji bima mbili. Ya kwanza ni ya safari, inayokulinda kuanzia siku ya kutua hadi siku ya kusajiliwa chuoni. Ya pili ni bima ya afya ya umma, kwa kampuni kama TK, AOK au Barmer, ambayo chuo kitaitaka ndipo kikusajili. Aliyetimiza miaka 30 kwa kawaida hapati bei ya mwanafunzi, hivyo aulize mapema atalipa ngapi. Kampuni za akaunti iliyofungwa huuza bima zote mbili kwa pamoja, na hilo linarahisisha mambo.

Barua ya kueleza nia

Kama karatasi zote ni mifupa, hii ndiyo sauti. Ubalozi unataka ukurasa mmoja au miwili, kwa Kiingereza au Kijerumani, ukieleza kwa nini kozi hii, kwa nini huko, na utafanya nini baadaye. Kila mwaka naletewa barua zinazoanza hivi: “Ujerumani ni nchi iliyoendelea yenye vyuo bora duniani, na tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma huko.” Sentensi hiyo anaweza kuiandika yeyote, kwa kozi yoyote, na kwa nchi yoyote ukibadilisha jina. Haimwambii ofisa chochote kukuhusu.

Mdogo wangu alisoma uhandisi wa maji. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na sentensi hiyo hiyo. Nikamwambia, “Hebu niambie, kule Arumeru ulikuwa unafanya nini kila siku?” Akaniambia: “Dada, tulikuwa tunapima floraidi. Watoto wa shule ukiwaambia wacheke unaona meno ya kahawia. Kichujio cha mkaa wa mifupa kinafanya kazi vizuri, lakini kijiji kikishindwa kubadilisha mkaa kwa wakati wanarudi kwenye maji yale yale.”

Nikamwambia aandike hilo, kama alivyolisema. Rasimu ya pili ilianza na shule ya msingi karibu na Mlima Meru, ikaja kwenye kile alichokipima na kikamshinda, ikaingia kwenye moduli mbili za programu aliyochaguliwa, moja ya usafishaji wa maji kwa utando na nyingine ya maji ya chini ya ardhi, akataja na maabara atakayotumia. Mwisho akaeleza ngazi anayotaka kurudi kuishika katika sekta ya maji. Barua ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Ukiandika yako, pitia mambo manne. Kozi unayoiomba iwe inatokana na ulichosoma au ulichofanya. Kama unabadili fani, eleza sababu waziwazi. Kama kuna miaka miwili hukusoma wala kuajiriwa, iandike, hata kama ulikuwa dukani kwa mama au ulikuwa unamuuguza baba. Pengo lisiloelezwa ndilo linalotia shaka. Mpango wa baadaye uwe wa kweli. Sheria ya Ujerumani inamruhusu mhitimu kubaki miezi 18 kutafuta kazi ya fani yake, hivyo huna haja ya kuapa viapo, lakini ofisa lazima aone kwamba unakwenda kusoma kweli. Na usinunue barua. Barua ya kuuziwa inafanana na nyingine thelathini alizokwisha kuzisoma, na ukiulizwa dirishani utashindwa kuitetea.

Maombi yenyewe na siku ya miadi

Tangu mwanzo wa 2025 Ujerumani inapokea maombi ya viza za muda mrefu kupitia tovuti yake ya huduma za kikonseli. Unafungua akaunti, unajibu maswali, unapakia nyaraka, zinapitiwa kwanza, ndipo unapata miadi ya kufika mwenyewe. Unachoomba ni viza ya kitaifa ya kusoma. Usiichanganye na viza ya Schengen ya siku 90, ile ya ziara fupi. Hiyo haibadilishwi kuwa ya masomo ukishafika. Miadi ni bure. Mtu anayekuuzia miadi anakuibia.

Siku ya miadi nenda na nyaraka halisi na nakala zake, zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa orodha ya ubalozi:

- pasipoti, na nakala ya ukurasa wa taarifa zako
- picha za pasipoti za karibuni, milimita 35 kwa 45
- barua ya udahili
- vyeti vya kidato cha nne, cha sita na shahada pamoja na transkripti
- cheti cha lugha
- cheti cha akaunti iliyofungwa, barua ya udhamini, au hati ya ahadi ya ndugu
- bima ya safari
- barua ya kueleza nia na CV isiyo na miaka iliyorukwa
- cheti cha kuzaliwa, na kiapo cha majina kama kipo
- ada ya viza, euro 75

Soma ujumbe wa miadi uone ada inalipwa kwa fedha gani na kwa njia gani, ubebe kamili. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji na ridhaa ya wazazi wote wawili.

Fika mapema, foleni ya Dar es Salaam unaijua. Simu na begi kubwa vina taratibu zake getini. Utachukuliwa alama za vidole, kisha utaulizwa maswali, na mara nyingi ni mafupi. Mdogo wangu aliulizwa: kwa nini usisome jambo hili hapa nyumbani? Lilikuwa swali la haki, na alikuwa amelifikiria. Akajibu kwamba aliangalia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, ambako utafiti wa floraidi unafanyika kweli, na kwamba programu aliyopata inamfundisha kuendesha mitambo ya utando kwa kiwango cha mji. Hakuvidharau vyuo vyetu. Kuvidharau kungekuwa uongo na kungeonesha hakufanya utafiti.

Jibu kile ulichoulizwa, kisha nyamaza. Ukiwa hujaelewa swali, omba lirudiwe. Kama umebandika kwenye CV kwamba una B1 ya Kijerumani, tegemea swali la Kijerumani.

Kusubiri, na ukikataliwa

Baada ya miadi, maombi yako kwa kawaida hupelekwa kwenye ofisi ya wageni ya mji unaokwenda, nayo hutoa maoni yake. Hapo ndipo wiki zinapokwenda. Usipige simu kila siku. Jibu tu upesi ukiandikiwa kuleta karatasi ya nyongeza. Usinunue tiketi isiyorudishika. Ikiwa muhula unakaribia kuanza na viza haijatoka, iandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako uwaombe barua inayosema mwisho wa kusajiliwa ni lini, au kama wanaruhusu kuanza muhula unaofuata. Vyuo vingi huelewa.

Ukikataliwa utapewa barua yenye sababu. Isome ukiwa umetulia, na ikibidi itafsiriwe. Zamani mtu aliweza kuuandikia ubalozi kuomba uamuzi uangaliwe upya, lakini utaratibu huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Zimebaki njia mbili: kufungua shauri katika Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua, kwa kawaida mwezi mmoja, au kuomba upya ukiwa umerekebisha kilichokosewa. Kwa wengi wetu, kuomba upya ndiyo njia ya haraka na ya gharama ndogo, mradi sababu iliyotajwa uishughulikie kweli. Fedha za akaunti iliyofungwa hurudishwa ukiwapelekea barua ya kukataliwa.

Na usiwahi kuingiza karatasi ya kughushi. Balozi huuliza mabaraza ya mitihani, vyuo na benki. Taarifa ya benki iliyotengenezwa steshenari ya mtaani itakufungia mlango kwa miaka, na wewe ndiye utakayebeba lawama, aliyekutengenezea hatakuwepo.

Viza ikishatoka

Kabla hujaondoka getini, isome stika: herufi za jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kosa likionekana hapo hapo hurekebishwa kwa urahisi; likionekana Frankfurt uwanja wa ndege ni habari nyingine. Nyaraka zote, pamoja na cheti cha fedha na bima, zibebe kwenye mkoba wa mkononi. Polisi wa mpakani anaweza kuziuliza.

Ukifika, una kazi nne, na katika tatu za kwanza kila moja inaitegemea iliyotangulia. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia chumbani, nenda ofisi ya wakazi ukajiandikishe anwani, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila karatasi hiyo watakurudisha, kwa hiyo idai siku unayopewa funguo. Kwa anwani hiyo unafungua akaunti ya kawaida ya benki. Kwa akaunti hiyo ile kampuni ya akaunti iliyofungwa inaanza kukutumia 992 zako za kila mwezi, na inaweza kuchukua wiki mbili tatu za kwanza, hivyo uwe na euro mia kadhaa mkononi za chakula na amana ya chumba. Kisha omba kibali cha ukaazi kwenye ofisi ya wageni. Stika uliyopewa Dar es Salaam inaisha baada ya miezi michache na miadi za ofisi hizo ni adimu, hasa miji mikubwa. Omba miadi wiki ya kwanza. Ikifika siku ya viza kuisha na ulikwishaomba lakini hujapata kibali, dai hati ya muda inayoitwa Fiktionsbescheinigung, uitunze pamoja na pasipoti mpaka kadi yako itoke.